Vigae vya Nahimba

Mama Dionisia alikuwa amestaafu upishi wa shule kule Ruangwa na kurudi Mtua, kwenye mikorosho aliyoachiwa na wazazi wake, mwaka ule alipoamua kwenda kuitembelea nyumba ya Nahimba. Hakuwa na shida yoyote pale. Alitaka tu kuiona. Alisoma katika nyumba ile akiwa msichana, enzi masista walipoifanya shule ya ufundi wa nyumbani, na tangu aolewe hakuwahi kukanyaga tena.

Walikwenda wawili, yeye na Edina, binti wa marehemu dada yake, Jumapili moja ya mwezi wa tano baada ya misa. Habari hizi nimezipata kwao, kila mmoja kwa wakati wake, na nyingine nimezishuhudia mwenyewe, maana mimi ni mwalimu na nyumba ile nimeitembelea zaidi ya mara moja.

Ukitoka kwenye barabara ya vumbi unaingia msituni ghafla, kama mtu aliyefungua mlango. Ni msitu wa miombo, lakini si ule uliokatwakatwa kwa mkaa. Mininga yake haikumbatiki, mikongo imenyooka, na chini kuna kivuli cha kijani ambacho hata saa sita mchana hukifanya kijasho kikauke. Katikati inapita njia iliyopandwa mikangazi pande zote mbili. Aliyeipanda ni Mzungu mmoja aliyekuja na watu wa mradi wa karanga wa Waingereza, na karanga ziliposhindikana wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Watu walimwita Bwana Mbegu kwa sababu kila mtoto aliyemwamkia alipewa mbegu akapande. Alipozeeka aliwaachia wamisheni nyumba pamoja na msitu, akarudi kwao.

"Mama mdogo, tazama," Edina alisema. "Hii miti imepigwa rangi."

Kweli, mninga baada ya mninga ulikuwa na msalaba mwekundu kifuani. Dionisia aliugusa mmoja kwa kidole. Rangi ilikuwa imekauka, lakini haikuwa ya zamani.

Kisha njia ikapinda, na nyumba ikatokea. Edina aliniambia kwamba alisahau kutembea. Alikuwa amezaliwa na kukulia Nachingwea mjini, hakujua kama huku porini kuna jengo la namna ile: ghorofa moja la mawe ya rangi ya asali, baraza lenye matao limezunguka pande tatu, madirisha marefu ya mbao, na juu yake paa la vigae vyekundu lenye mteremko mkali. Ila katikati ya paa palikuwa na shimo ambalo ng'ombe angeweza kupita, na kenchi zilionekana kama mbavu.

Mlinzi, mzee mmoja mwembamba aitwaye Titus, aliwafungulia. Dionisia alipita chumba kwa chumba akiwa amevua viatu, kama alivyofundishwa na masista. Alimwonyesha Edina ukumbi walikojifunza kushona, na meko makubwa ya ukutani ambayo wasichana walijificha ndani yake wakati wa kusali rozari. Alimwonyesha ngazi ya mninga, kila kidato kimekwanguliwa katikati na nyayo za watu waliokwisha kwenda zao. Juu, sakafu ya mbao ilikuwa bado inang'aa pale palipokuwa na paa. Pasipokuwa na paa ilikuwa imeoza, na mche wa mkuyu ulikuwa umeota kwenye ufa.

"Mwakani hamtaikuta," Titus alisema. "Halmashauri ya parokia imekaa. Miti itauzwa kwa mtu wa mbao. Nyumba itabomolewa, mawe yajengee msingi wa ukumbi mpya. Paa halitengenezeki, mama. Vigae hivi havipo tena duniani."

"Havipo vipi?" Dionisia aliuliza. "Vilifyatuliwa hapo chini bondeni. Mimi mwenyewe nimevibeba kichwani, masista walipoziba paa."

Titus alicheka kwa huruma. Dionisia hakucheka.

Wiki iliyofuata alikwenda kumwona paroko, Padri Evarist, kijana mpole aliyekuwa na parokia kubwa kuliko pikipiki yake. Dionisia hakuwa mtu wa maneno mengi. Miaka yote jikoni alizoea kupakua, si kuhutubia. Alisema alilokwenda kulisema.

"Baba Paroko, naomba uniachie kiangazi kimoja. Nikishindwa kulifunika lile paa kabla ya mvua, uzeni."

"Mama, utalifunika kwa kitu gani?"

"Kwa vigae."

"Umewahi kutengeneza?"

"Sijawahi. Nimeona vikitengenezwa."

Padri alimtazama sana. Baadaye aliniambia kwamba hakumwamini hata kidogo, ila alipenda namna alivyokaa kwenye kile kiti, wima, mikono magotini, kama mtu aliyekwisha kuanza kazi. Akaenda kuwaomba wajumbe wake wasubiri. Walikubali kwa shingo upande.

Mwezi wa sita ulipoanza, Dionisia aliteremka bondeni na Edina na akina mama wachache wa jumuiya. Mahali pa zamani pa kuchimba udongo palikuwa nje ya msitu, chini kidogo ya chemchemi, pamefunikwa na majani. Titus alichonga kalibu za mbao kwa kupimia kigae cha zamani. Walichimba, wakamwaga maji, wakaanza kuukanyaga udongo kwa miguu.

Udongo wa vigae si wa matofali. Lazima ulainike kama unga wa chapati, usiwe na donge wala jiwe. Kufikia mchana mapaja yalikuwa yanatetemeka. Siku ya pili akina mama wawili hawakurudi. Siku zilizofuata walibaki Dionisia na Edina, na shimo zima likiwangoja.

Asubuhi moja walisikia kelele upande wa chemchemi. Titus alikuwa amesimama na fimbo mbele ya kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu, na nyuma ya ng'ombe alikuwapo mwanamume mrefu aliyejitanda shuka. Aliitwa Mabula. Alikuwa mmoja wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia kutoka kanda ya ziwa na kuweka kambi ng'ambo ya mto. Wakulima wa huku walikuwa wamechoka na ng'ombe mashambani, na wafugaji walikuwa wamechoka kufukuzwa. Kila kiangazi ugomvi ulikuwa uleule.

"Ameingiza ng'ombe msituni!" Titus alifoka. "Leo tunakwenda ofisi ya kijiji!"

"Mzee, ng'ombe amekunywa maji tu," Mabula alisema. "Nimpeleke wapi? Mto umekauka."

Dionisia alikuwa amefika, matope yamemfika magotini. Hakuwatazama wanaume. Alikuwa anatazama chini, pale ng'ombe walipopita ukingoni mwa chemchemi. Udongo ulikuwa umesagwa ukawa laini kabisa. Aliinama akauchota, akaufinya, ukapita katikati ya vidole vyake bila donge.

"Baba," alimwambia Mabula, "hawa ng'ombe wako wanaweza kuzunguka mahali pamoja bila kutoka?"

Mabula hakuelewa. "Kuzunguka wapi, mayu?" Kwao mayu ni mama, na ndivyo alivyomwita tangu siku hiyo.

"Ndani ya shimo langu. Wanikanyagie udongo. Na mimi nitakwenda kwa Padri nikuombee maji. Titus atachimba mfereji, maji ya chemchemi yaje nje, mnyweshee huku bondeni. Msiingie tena kwenye miti."

Titus alitaka kupinga, kisha akatazama shimo, akatazama miguu ya Dionisia, akateremsha fimbo. Mabula alianza kucheka, kicheko kikubwa kilichowashtua ng'ombe.

"Mayu, hawa nikiwaambia wazunguke, watazunguka mpaka wewe uchoke kuhesabu."

Ilikuwa kweli. Ng'ombe walizunguka ndani ya shimo, Mabula katikati akiwaimbia kwa Kisukuma, na kabla jua halijawa kali udongo ulikuwa tayari. Watu wa Mtua walianza kuja kutazama. Waliokuja kutazama walikabidhiwa ndoo. Mke wa Mabula, Minza, alikuja kumletea mumewe maziwa, akaona Edina anavyohangaika kulainisha uso wa kigae, akaweka kibuyu chini na kuchukua kitambaa chenye maji. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, lakini mikono yake ilikuwa imezoea kupaka nyumba udongo tangu utotoni. Kigae chake kilitoka kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Kuanzia hapo kazi ya kulainisha ikawa yake.

Mwezi wa saba walipanga tanuru la kwanza. Dionisia alikataa katakata kukata hata tawi moja la msitu. Alizunguka kwa wakulima akaomba matawi ya mikorosho yaliyopogolewa, nao wakampa kwa furaha kwa sababu yalikuwa yanawajazia mashamba. Tanuru liliwaka likaachwa lipoe. Siku ya kulifungua alikuja Padri na wajumbe wawili.

Nusu ya vigae vilikuwa vimepasuka. Vingine vilivunjika mtu alipovishika. Mjumbe mmoja aliokota kipande, akakitazama, akakirudisha taratibu chini kama anayeweka kitu cha msibani.

"Pole, mama," alisema, na alikuwa anamaanisha.

Dionisia aliwaaga vizuri. Walipoondoka alikaa kwenye rundo la vipande akajifunika uso kwa kanga. Minza alikwenda akakaa karibu yake. Maneno ya kutosha kwa Kiswahili hakuwa nayo. Alimshika tu mkono, wakakaa hivyo mpaka Edina alipoleta uji.

"Mama mdogo," Edina aliuliza, "aliyekuwa akifyatua zamani alikuwa nani?"

"Benedikto. Kijana wa Likunja. Kama yuko hai, mzee sana."

Yuko hai, alithibitisha dereva wa bodaboda mmoja anayepeleka abiria Ruangwa. Yuko hai na ni mkali. Kesho yake Dionisia na Edina walipakizana wakaenda. Walimkuta uani kwa mwanawe anapukuchua mahindi. Alikuwa haisikii vizuri sauti ya kawaida, na Kiswahili alikichukia kidogo, kwa hiyo Dionisia alimpigia kelele kwa Kimwera. Alimtolea kipande cha kigae kutoka kwenye mkoba.

Mzee Benedikto alikigonga kwa ukucha, akakinusa, akakiweka ulimini.

"Nani amefyatua uchafu huu?"

"Mimi, baba."

"Mmeanika juani."

"Ndiyo."

"Na mmetumia udongo mtupu." Alimtazama Dionisia mara ya pili, akafinya macho. "Wewe si yule msichana uliyeangusha vigae ngazini, sista akalia?"

Dionisia alikiri kwamba ni yeye. Mzee alicheka hadi akakohoa. Kisha akaomba fimbo yake na kofia, akauliza hiyo pikipiki inabeba watu wangapi.

Alikaa Mtua majuma kadhaa, analala nyumbani kwa Dionisia na kula vizuri. Alichowafundisha hakikuwa kingi. Vile vigae vilivyopasuka, alisema, ndiyo dawa. Wavitwange. Akina mama walileta vinu, wakavitwanga mpaka vikawa kama chenga za mahindi, na unga ule ukachanganywa kwenye udongo mpya ili usijikunje ukikauka. Na vigae visianikwe juani. Viliwekwa kwenye vichanja chini ya mininga, kivulini, upepo uvipitie polepole. Msitu mzima ulijaa vigae, safu baada ya safu, na misalaba myekundu ikivitazama kutoka juu. Wale waliokuwa wakisema kazi ile ni wazimu walianza kupita pale jioni bila sababu, wakitembea kwa uangalifu katikati ya vichanja.

Tanuru la pili lilifunguliwa mwishoni mwa mwezi wa nane. Safari hii Dionisia hakumwita mtu. Alitoa kigae cha kwanza mwenyewe, bado kina joto, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kililia kama kengele ndogo. Akatoa cha pili. Kikalia. Mzee Benedikto, ambaye hakusikia, aliweka kiganja juu ya kigae akauhisi mtetemo wake, akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Pandisheni," alisema.

Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya Edina. Titus alibadilisha mbao za sakafu na kenchi zilizooza, akapigilia papi mpya za kushikilia vigae, lakini umri wake haukumruhusu kutembea juu ya mteremko ule. Edina alifunga kanga kiunoni juu ya suruali akapanda. Alianzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia nusu ya safu iliyo chini yake, kama magamba ya samaki. Mwezi wa kumi korosho zilianza kudondoka na watu wakarudi mashambani, kila mtu kwa mavuno yake. Waliobaki ni familia ya Mabula. Minza na wanawe walijipanga kwenye ngazi wakipokezana vigae kutoka chini hadi juu, na Edina alivipokea akiwa amekaa mgongoni mwa nyumba.

Mvua ya kwanza ilikuja mwezi wa kumi na mbili, alasiri, na ngurumo kubwa. Padri Evarist alikuwa njiani kutoka kigangoni, akakata kona kuingia Nahimba kujikinga. Aliwakuta Dionisia na wenzake ukumbini wamesimama, nyuso juu. Maji yalikuwa yanapiga paa kama watu elfu wanaopiga makofi. Walipanda juu. Padri alivua viatu, akatembea sakafu yote kwa soksi, chumba hadi chumba, akitafuta mahali palipolowa. Hakupapata.

Alirudi akamkuta Dionisia kwenye baraza.

"Mama," alisema, "wiki hii nitamwandikia yule mtu wa mbao. Nitamwambia miti ya Nahimba haiuzwi."

"Asante, Baba Paroko," Dionisia alijibu. Akaongeza, "Na ule mfereji wa ng'ombe niliokuomba? Mpaka sasa Titus anawachotea kwa ndoo."

Padri alicheka. Lakini suala la mfereji lilijimaliza lenyewe. Shimo walilochimba udongo lilijaa maji kabla msimu ule wa mvua haujaisha. Limekuwa lambo, na mpaka leo ndilo wanalonyweshea wafugaji wa ng'ambo ile bila kugusa msitu wala shamba la mtu. Sisemi kwamba ugomvi wa wakulima na wafugaji umekwisha huku kwetu. Lakini pale Mtua, ng'ombe akionekana kwenye mikorosho, watu humpigia Mabula simu kwanza, naye huja.

Mimi nilifika Nahimba mara ya kwanza baada ya Pasaka iliyofuata, nikiwa na wanafunzi wangu kutoka Ruangwa. Parokia ilikuwa imeanza kupokea wageni. Tulitembea chini ya mikangazi, watoto wakipaza sauti na kisha, kadiri miti ilivyozidi kuwa mikubwa, wakizishusha wenyewe bila kuambiwa. Rangi nyekundu ilikuwa imefifia kwenye magome. Nyani walitutazama kutoka juu. Nyumba ilipotokea watoto walisimama wote kwa pamoja, na mmoja akaniuliza kama ni ya rais.

Dionisia alitupokea barazani. Nilitegemea mtu mkubwa, sijui kwa nini. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, anayesema taratibu. Aliwaambia watoto wavue viatu, akatupitisha kila mahali. Paa lilikuwa na rangi mbili, vigae vya zamani vyeusivyeusi na vipya vyekundu, na alisema hataki kuvifanya vifanane. Niliuliza ilikuwaje, akanielekeza kwa Edina, na Edina akanielekeza kwa Minza, aliyekuwa amesimama nje ya mlango, na Minza akaficha uso kwa aibu akacheka.

Siku hiyo nilipata kujua jambo moja lililonishangaza. Pamoja na kazi yote ile, Minza alikuwa hajawahi kuingia ndani ya nyumba. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za nje tu, na siku ya mvua alikuwa kambini na watoto. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemkaribisha pia, na alidhani si mahali pake. Dionisia alilitambua hilo palepale mbele yetu. Kisha akamshika mkono, akaacha wageni wake wote ukumbini, akampandisha yeye kwanza.

Niliwafuata. Minza alitembea kwenye sakafu ya mninga kama mtu anayepita juu ya maji, akishika ukuta. Alifika kwenye dirisha kubwa la upande wa bonde, Dionisia akamfungulia. Msitu wote ulikuwa chini yetu, kijani juu ya kijani hadi ukingoni mwa anga, na lambo liking'aa katikati ya bonde, na ng'ombe wake wakilizunguka, wadogo kama punje. Minza hakuwa amewahi kuiona miti kutoka juu. Alitoa kichwa nje, akacheka kwa sauti, akamwita Mabula kwa jina lake la kwao, ingawa alikuwa mbali mno kusikia. Alibaki pale muda mrefu. Dionisia alisimama pembeni yake, na hakuwaharakisha hata watoto waliokuwa wanangoja chini.

Baadaye tulikunywa chai barazani. Niliwauliza sasa watafanya nini, kwa kuwa nyumba imeshapona.

"Watu wa Kilimarondo wametuita," Dionisia alisema. "Wana kanisa dogo la zamani, nalo lilikuwa la vigae. Mti umeliangukia."

"Udongo wa kule mnaujua?"

"Hatuujui. Minza anataka auone kwanza."

Bodaboda mbili zilikuwa zinangoja kwenye mikangazi. Edina alifunga kalibu kwenye mkeka na kuzikaza nyuma ya kiti alichokaa Minza. Dionisia alimkabidhi Titus funguo, akatuambia tumalize chai bila haraka, akajifunga kanga ya pili kwa ajili ya vumbi, akapanda.